Usiniambie Shusha

KIARIE: Haloo? Nani huyo? Sioni jina, nimelala kifudifudi.

JEBET: Ni mimi, Baba Nduta.

KIARIE: Mama Nduta? Mbona simu haijalia ule mlio wako?

JEBET: Yangu imekataa kushika netiwaki huku Kaptagat. Hii ni ya Kipyego.

KIARIE: Shemeji ako hapo? Msalimie.

JEBET: Anakusalimia pia. Ametoka mazoezi saa hii, hata viatu hajabadilisha. Umekula?

KIARIE: Njeri wa jirani ameniletea uji. Nimekunywa na mrija, uso kwa sakafu, kama mtoto ameadhibiwa. Hii zulia yetu sasa naijua kuliko mwenye aliifuma.

JEBET: Na hujainua kichwa?

KIARIE: Sijainua.

JEBET: Baba Nduta.

KIARIE: Kidogo tu. Nilipiga chafya.

JEBET: Daktari alisema uso chini mpaka— (netiwaki inakwaruza) —si mchezo!

KIARIE: Sichezi. Unafikiri ni raha? Lakini nitavumilia, bandeji ya upasuaji ikitoka nataka hili jicho liwe kama jipya. Uko?

JEBET: Niko.

KIARIE: Mimi bado nasema mngengoja. Miaka miwili nimeunda hiyo ndege ya rimoti. Wiki mbili zingine ni nini? Nipone, nikuje niirushe mwenyewe.

JEBET: Si nilikuambia shamba la mama linalimwa Jumatatu.

KIARIE: Mamako ukimwomba atangoja. Na mashamba ni mengi.

JEBET: Iruke leo. Nataka uisikie leo. Simu nimeweka spika, iko kwa mfuko wa jaketi hapa kifuani. Kila kitu nitakuambia, na wewe uniambie cha kufanya.

KIARIE: Na ikivunjika?

JEBET: Haitavunjika.

KIARIE: Mabawa niliyaunda nikiona, Mama Nduta. Mkia nilimalizia kwa vidole.

JEBET: Najua. Si mimi nilikuwa nakushikia tochi?

KIARIE: Basi inirudie nzima. Iruke, itue, uilete nyumbani. Hiyo tu ndio naomba.

JEBET: Nitaileta.

KIARIE: Haya. Mabawa umeunganisha?

JEBET: Ile fimbo nyeusi imeingia yote. Nimefunga na selotepu, juu na chini.

KIARIE: Iinue na vidole viwili, pale chini ya bawa nilipotia alama ya wino. Pua inafanya nini?

JEBET: Inainama.

KIARIE: Inainama kidogo ama imelala kama mzee Wangila wa kanisa letu wakati wa mahubiri?

JEBET: (anacheka) Kidogo. Kama mtu anasali lakini ameacha jicho moja wazi.

KIARIE: Hapo sawa. Sasa washa rimoti kwanza, ndio uwashe ndege. Halafu simama nyuma yake. Nyuma! Ukisimama mbele kulia na kushoto zitakuchanganya.

JEBET: Niko nyuma.

KIARIE: Ile kijiti cha mkono wa kulia, ipeleke kulia.

JEBET: Bawa la kulia limeinua kale kapande kake.

KIARIE: Vizuri sana. Ivute kwako.

JEBET: Mkia umeinuka. Hapo ndege inapanda.

KIARIE: Umeona? Wewe ni fundi. Sasa kijiti cha kushoto, shusha—

JEBET: Usiniambie shusha.

KIARIE: Nini tena?

JEBET: Hilo neno. Na ile ndege ndogo ya kwanza ulinipigia kelele "shusha, shusha!" Wewe ulikuwa unasema ndege, mimi nikashusha kijiti cha kulia. Ikapanda, ikageuka, ikaingia kwa mti wa jirani yetu Mama Vivian. Sema breki.

KIARIE: Na akakataa tupande huo mti mpaka mumewe arudi! Sawa, breki. Kijiti cha kushoto kikija chini, ile milango ya nyuma ya bawa inafunguka, ndege inakaa chini polepole. Bila hiyo, ndege kama hii haitaki kushuka. Imeundwa ikae juu.

JEBET: Breki ni kushoto. Nimeshika. (mbali na simu) Bado. Nimesema bado sijamwambia. Kipyego, wacha hayo maneno, shika kamba uende.

KIARIE: Hujamwambia nani?

JEBET: Eh?

KIARIE: Nimesikia. Hujamwambia nani, nini?

JEBET: Ah. Mama. Hajui kama tumefika.

KIARIE: Si huyo namsikia hapo nyuma akiita kuku? Mama Nduta.

JEBET: Upepo umetulia, Baba Nduta. Twende kabla haujageuka.

KIARIE: Haya. Kamba ya kuivuta ipae mmefungaje? Injini haina.

JEBET: Vile ulinichorea. Mwisho mmoja uko kwa kigingi, ikapita kwa kapi, huu mwisho mwingine nimeweka kwa ndoano ya ndege. Kapi ako nayo Kipyego, ameifunga kiunoni.

KIARIE: Amefunga nini?

JEBET: Kapi.

KIARIE: Ngoja. Ngoja, ngoja, ngoja. Hiyo kapi ni ya watu kama mimi, watu wa kitambi! Mtu akikimbia moja, ndege inaenda mbili. Huyo shemeji ni mtu wa marathoni, Mama Nduta! Toa kapi!

JEBET: Unakatika. Toa nini? Ishara?

KIARIE: Toa kapi!

JEBET: Sawa, nampa ishara—

KIARIE: Hapana! Mwambie atembee! Atembee tu!

JEBET: Ameondoka!

KIARIE: Uwi! Mabawa! Mabawa yanafanya nini?

JEBET: Yanapinda! Baba Nduta, yanapinda yote mawili, siwezi kushika— nimeachilia!

KIARIE: Imevunjika?

JEBET: (kelele ya upepo)

KIARIE: Jebet! Imevunjika?

JEBET: Iko juu! Aki iko juu, imeenda wima! Kamba inalia, unasikia?

KIARIE: Nasikia! Mwambie Kipyego apunguze!

JEBET: Hasikii! Kamba ikimvuta nyuma yeye anaongeza! Anafikiri ni kilima!

KIARIE: Basi kijiti cha kulia, sukuma mbele kidogo. Kidogo! Kamba itoke kwa ndoano.

JEBET: Imetoka. Imetoka! Kamba inaanguka. Baba Nduta, imeruka. Ndege yako imeruka!

KIARIE: (anavuta kamasi)

JEBET: Unalia?

KIARIE: Silii. Machozi nimekatazwa. Niambie vile iko.

JEBET: Nyeupe. Mabawa marefu, sikujua ni marefu hivi, kwa nyumba tulikuwa tunaikunja kwa kona. Haina kelele yoyote. Inazunguka tu polepole, ni kama inajipendea. Ah, ni nzuri. Ni nzuri, Baba Nduta.

KIARIE: Hata mkia?

JEBET: Hata mkia. Umenyooka kabisa.

KIARIE: Niliogopa mkia. Sasa ukiiangalia, ukubwa wake ni wa nini?

JEBET: Kama korongo.

KIARIE: Sawa. Iache izunguke.

JEBET: Sasa ni kama kunguru.

KIARIE: Umegusa nini?

JEBET: Sijagusa kitu.

KIARIE: Ni joto ya shamba. Hewa inapanda, na imeingia ndani yake. Hiyo kapi imeifikisha juu sana. Upepo unaipeleka wapi?

JEBET: Msituni. Ule upande wa kuelekea bonde la Kerio.

KIARIE: Hapana, isifike huko. Igeuze.

JEBET: Nimegeuza, inageuka, lakini bado inapanda. Kipyego anakuja mbio, anasema hata yeye hajaiona vizuri—

KIARIE: Achana na Kipyego! Sasa kijiti cha— (netiwaki inakwaruza) —shusha! Shusha haraka!

JEBET: Nashusha!

KIARIE: Inashuka?

JEBET: Inapanda!

KIARIE: Shusha yote!

JEBET: Nimeshusha yote! Pua imeangalia juu, imeyumba, imeanza kupanda tena—

KIARIE: Umeshusha mkono gani?

JEBET: Wa kulia.

KIARIE: Kushoto, Jebet! Breki!

JEBET: Sikusikia kushoto! Nilisikia shusha tu. Nilikuambia usiniambie shusha!

KIARIE: Limenitoka. Nisamehe. Weka breki sasa.

JEBET: Nimeweka.

KIARIE: Na?

JEBET: Sijui. Ni ndogo sana. Siwezi kujua kama inakuja kwangu ama inaenda.

KIARIE: Ikigeukia jua itang'aa. Angalia hapo hapo, usitoe macho.

JEBET: Imeng'aa.

KIARIE: Eeh!

JEBET: Imeng'aa tena, lakini mbali. Baba Nduta, kuna wingu linakuja.

KIARIE: Usipepese. Nakuomba, hata ukiwashwa, usipepese.

JEBET: Sipepesi.

KIARIE: Kama ningekuwa hapo ningeishika na macho. Mimi nilikuwa naona nyuki akitoka mzinga wa jirani. Ningekuwa hapo— bado iko?

JEBET: Imeingia.

KIARIE: Wapi?

JEBET: Kwa wingu.

KIARIE: Itatoka upande wa pili. Ngoja nayo.

JEBET: Nangoja.

KIARIE: Imetoka?

JEBET: Bado.

KIARIE: Na sasa?

JEBET: Wingu limepita, Baba Nduta. Huko nyuma yake hakuna kitu.

KIARIE: Angalia chini kidogo ya hapo.

JEBET: Nimeangalia chini. Nimeangalia juu. Hakuna.

KIARIE: Breki bado iko? Iache hivyo. Itashuka yenyewe mahali.

JEBET: Mahali wapi? Ni msitu, na baada ya msitu ni bonde. Mahali wapi?

KIARIE: Sijui. Mimi niko nyumbani Yamumbi naangalia zulia, nitajua aje?

JEBET: Nilikuambia nitaileta.

KIARIE: Wacha. Usilie. Mbao iko, gundi iko, michoro yote iko hapa kichwani. Bandeji ikitoka naanza ingine. Kufika Krismasi itakuwa imesimama mezani, na hiyo nitaipaka nyekundu, hakuna wingu litaificha. Sawa?

JEBET: (analia)

KIARIE: Sasa nikisema hivyo ndio unazidisha? Mama Nduta, ni ndege. Mimi ndiye nimepoteza na silii.

JEBET: Najua. Najua ni ndege.

KIARIE: Hujalia hivi hata tulipozika mama yangu.

JEBET: Niache nilie tu.

KIARIE: Jebet. Ni mimi.

JEBET: Nini?

KIARIE: Ile kitu Kipyego alikuwa anauliza. Ni mimi ndiye hujaniambia. Sema. Tayari nimelala uso chini, sina pa kuanguka.

JEBET: Baba Nduta, nikuje nyumbani tuongee.

KIARIE: Sema sasa.

JEBET: Daktari aliniita kando siku ile ulitoka chumba cha upasuaji. Hilo jicho walipasua... alisema litajua mwanga na giza. Basi. Na hilo lingine limeshaanza vile vile. Uko?

KIARIE: Na hii kulala hivi? Shingo inaniua, usiku kucha mnanigeuza kichwa, ni ya nini?

JEBET: Alisema labda. Labda ukilala hivyo, pazia la ndani ya jicho likishika tena, utaona kidogo. Hiyo labda ndio nilishindwa kukuondolea. Nikasema iruke kwanza. Iruke, nikuletee, uishike na mikono nikikusimulia vile ilienda, halafu ndio nikuambie. Na sasa nimekuja nimeipoteza. Nimesimama hapa katikati ya shamba, sijui nifanye nini.

KIARIE: Rimoti bado umeshika?

JEBET: Bado.

KIARIE: Izime.

JEBET: Siwezi. Nikiizima itakuwa ni mimi nimeiangusha.

KIARIE: Haikusikii tena huko. Izime, Jebet.

JEBET: Ngoja kidogo. Ngoja tu kidogo. (mlio mfupi kwenye simu) Hiyo ni kredo ya simu ya Kipyego inaisha.

KIARIE: Ako wapi yeye?

JEBET: Ameingia msitu. Anasema ni yeye ameivuta sana, haezi kurudi bila hiyo ndege. Nimemwita, amekataa.

KIARIE: Mwite tena. Huko mbele ni mteremko, ataumia.

JEBET: Simuoni hata. Ameenda na ile mbio yake.

KIARIE: Mwambie hana makosa. Unasikia? Mwambie alikimbia vizuri. Na wewe kuja nyumbani—

JEBET: Unakatika, Baba Nduta, sema te—

KIARIE: Kuja nyumbani. Mwambie Kipyego alikimbia vizuri. Jebet? Haloo? Jebet? Haloo?