Fundi Aliyekata Saini Yake

Ijumaa, tarehe 30 mwezi huu, Bi Spana anarudisha ovaroli stoo na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya magari ya hospitali yetu. Jina hilo alilipata mapema, kwa sababu spana namba kumi haikosi mfukoni mwake. Hata kwenye harusi ya bintiye ilikuwamo mkobani.

Alianza kazi enzi za kabureta. Magari yenye kompyuta yalipofika, wenzake waliyakwepa; yeye alijifungia wiki mbili na kitabu cha maelekezo. Kisha akatufafanulia kwamba kompyuta ya injini ni mpishi asiyeonja chungu chake. Sensa, vile vidude vya kupimia vilivyofungwa kwenye injini, humwambia hewa iliyoingia ni kiasi gani na injini ina joto gani, naye humwaga petroli kulingana na anachoambiwa. Akidanganywa, hupika kwa bidii ileile.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, ambulensi moja ilianza kunywa petroli kupita kiasi. Bi Spana aliunganisha mashine ya kupimia, haikuonyesha hitilafu yoyote, akasaini fomu kuwa gari ni zima. Kwa saini hiyo dereva akaonekana mwizi wa mafuta, akasimamishwa kazi. Dereva huyo ndiye mimi ninayeandika haya. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane.

Siku ya tatu Bi Spana aliegemea ambulensi ileile iliyotoka safarini, boneti ikamchoma mkono. Akaunganisha mashine tena, safari hii akisoma joto la injini: nyuzi ishirini. Sensa ya joto ilikuwa imekwama kwenye ubaridi, na kompyuta, isijue, ilikuwa ikimwaga kutwa petroli ya kuwashia injini baridi.

Angeweza kubadilisha sensa kimyakimya. Badala yake aliingia kwenye kikao cha kesi yangu na grisi yake, akaomba ile fomu, akaikata saini yake kwa kalamu mbele ya mkurugenzi na kusema kosa ni lake, alisahau kugusa injini. Alipewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho. Mimi nilirudishiwa funguo.

Bi Spana, kila nilipotaka kukushukuru uliniuliza habari za matairi. Leo huna pa kukwepea: asante sana. Sote tunakuombea mapumziko marefu yenye afya. Binti yangu alizaliwa mwezi uliofuata, na hajawahi kuitwa mtoto wa mwizi.