Mzee Luhende, Mpima Kelele, na Boksi Lisilo na Tundu

Tafadhali, ukishasoma karatasi hii ikunje, iweke mfukoni, na usimweleze mtu neno hata moja mpaka Ijumaa jioni. Wasifu utakaosomwa ukumbini upo, umepitishwa na mkuu wa ofisi, na hauna tatizo lolote. Huu ni wa pili. Nimewaandikia ninyi wa Kitengo cha Kelele peke yenu, kwa sababu mlichangia fedha za bati za kumuaga mzee na hamjui kwamba hakuna bati.

Mzee Josephat Luhende anastaafu Ijumaa hii, tarehe ishirini na saba, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kutumikia masikio ya Mwanza. Alianza akiwa tarishi, akapelekwa kozi, akarudi na mita ya kupimia sauti aliyoibeba kifuani kama mtoto mchanga. Tangu siku hiyo hakuna baa, kiwanda wala muuza dawa ya panya mwenye kipaza sauti ambaye hajamfahamu.

Mafanikio yake ni mengi. Mashine za kusaga za Nyakato zinakaa juu ya matairi chakavu kwa sababu yake, na majirani wanalala. Alipomwoza binti yake Precious, aliupima muziki wa harusi hiyohiyo, akauzima, akampa mpiga muziki onyo la maandishi. Bibi harusi alisaini kama shahidi. Wageni wanasema hotuba ya baba mzazi ilisikika vizuri sana.

Sasa nafika kwenye jambo ninaloliogopa. Mzee Luhende hasikii. Yapata miaka minne. Mita ndiyo inayosikia. Yeye anasoma namba, na namba zake zote ni sahihi, nimezihakiki mwenyewe. Lakini wenye baa wakijua kwamba aliyewazimia muziki alikuwa hausikii, watajaa ukumbini Ijumaa na kumcheka mbele ya wajukuu zake, na kazi yake yote itabaki kuwa kichekesho.

Hamkugundua kwa sababu salamu zilimlinda. Kijana yeyote akifungua mdomo mbele yake, yeye hujibu, "Marahaba." Mwezi uliopita nilimuuliza ripoti ya Igogo iko wapi, akaniambia, "Marahaba, binti. Nyumbani hawajambo?" Mkuu wa ofisi naye aliwahi kumuuliza kwa nini hajaenda likizo, akaitikiwa hivyohivyo. Mkuu alidhani ni kiburi cha mtu anayekaribia kustaafu, akanuna wiki nzima.

Mimi nilijua siku tulipokwenda kukagua baa moja. Mzee aliegemeza mgongo ukutani, akafumba macho, akaisahau mita. Tuliporudi garini akaniambia, "Binti, ngoma siku hizi naisikia kwa mgongo. Nikirudi nyumbani Magu sijui nitaisikia wapi. Ng'ombe hawapigi besi." Nilicheka kwa adabu, kisha nikaenda masjala nikalia.

Kwa hiyo bati zenu, kwa idhini ya mweka hazina wetu Bwana Chenge, zikageuka kuwa sabufa, ile spika ya besi, ya gari la mzee. Nilidhani kazi imekwisha. Fundi Bilali wa Igogo, anayefunga muziki kwenye magari, akanieleza kwamba spika ni mdomo tu. Besi inatengenezwa na boksi. Boksi lenye tundu hutoa mlio wa chini sana na kuvuma kwa nguvu, lakini linakula buti lote na mlio wake hukokota. Boksi lililozibwa pande zote ni dogo na halina vishindo, ila kila pigo linakuja peke yake na kuondoka peke yake.

"Dada, unataka mtaa ujue anapita, au unataka asikie?" akaniuliza.

Lakini mgongo si wangu. Ikabidi mzee achague mwenyewe bila kujua.

Bilali alipeleka lalamiko ofisini dhidi yake yeye mwenyewe, kwamba magari mawili kwenye gereji yake yanasumbua watu. Mzee akaja na mita, nami nikamfuata na daftari. Katika gari la kwanza, lenye boksi la tundu, Bilali aliweka ngoma za Kisukuma. Vumbi likaruka kutoka kwenye viti, kikombe cha chai kikatembea juu ya meza ya kazi mpaka kikaanguka, na mbuzi wa jirani akakata kamba. Mzee alisoma namba, akatikisa kichwa.

"Zima. Linanguruma kama mashine ya kusaga. Halina neno ndani yake."

Katika gari la pili, lenye boksi lililozibwa, wimbo ulikuwa uleule. Mzee aliegemea kiti, akafumba macho. Wimbo ulipokwisha hakuyafumbua.

"Mpigaji wa kushoto anachelewa," alisema polepole. "Ana huzuni, au ana njaa."

Bilali alinitazama, nami nikageukia upande wa ziwa. Jibu tulikuwa tumelipata. Tatizo ni kwamba tulimsahau mpima kelele. Mzee alifumbua macho, akaangalia mita. Namba ilikuwa chini ya kiwango. Akaigonga kwa kidole, akaangalia tena.

"Kitu kinachoingia ndani ya mtu namna hii, halafu mita haikioni," alisema, "hakiwezi kuachwa mtaani."

Akalitoa boksi kwenye buti, akalizungushia utepe wa ofisi, akaweka saini yake, akalipeleka stoo ya vielelezo. Bilali alijaribu kujitetea njia nzima mpaka getini. Aliitikiwa, "Marahaba."

Basi zawadi yetu iko kizuizini chini ya saini ya mwenye zawadi. Tukimwomba aifungue atauliza sababu, na tukimwambia sababu atakataa kupokea kielelezo, mnamjua. Nimesoma kanuni mpaka nikapata upenyo. Ijumaa asubuhi akishakabidhi funguo, mamlaka yanahamia kwa Bi Paskazia, anayeshika nafasi yake, naye amekubali kumrudishia Bilali boksi kwa onyo kali. Hotuba zikiendelea, Bilali atalifunga kwenye gari la mzee. Wenye baa watapiga makofi, watakwenda zao, na hawatajua kitu. Kisha mzee atawasha gari.

Mzee wetu, karatasi hii hutaisoma, lakini tunakushukuru kwa usingizi wa Nyakato. Tunakutakia barabara nzuri ya kwenda Magu, ng'ombe wengi, na mpigaji wa kushoto aliyeshiba.

Nahitaji watu wawili wa kubeba boksi hiyo Ijumaa. Msinipigie simu ya ofisini, iko mezani kwake, na ikiita meza hutetemeka. Njooni tupange Alhamisi saa ya chakula; nitakuwa stoo ya vielelezo, mwisho wa korido. Mimi ni Najat wa masjala. Mlango gonga kwa nguvu upendavyo, na ukitaka niite kwa jina, hilo halina shida. Ila kabla ya kupita mbele ya ofisi yake, vua viatu.