Shangazi Olga Agoma Kilimani

Kijiwe chetu hakina benchi la mbao. Kina kiti cha lori, kirefu, chekundu, kilichopasuka huku na huku, kiling'olewa kwenye gari lililokufa zamani kikaegemezwa ukuta wa duka la ushirika, mbele ya maghala ya mahindi. Tunakaa wanne tukibanana. Kila asubuhi Arlene wa dukani hututolea birika moja la kahawa, si mawili, na likiisha kikao kimevunjika, kila mtu akatafute pa kujishikiza. Hapo ndipo mambo yote ya upande wetu huu wa Nebraska hukatwa: mvua, ndoa za watoto wetu, na ikifika Agosti, safari ya kwenda Iowa, ng'ambo ya mto, kwenye Mkutano wa Malori ya Kale. Sote tuna malori ya kale, hiyo ndiyo dini yetu ya pili. Spana, ambaye kanisani anaitwa Merle, ana lori la kubebea ng'ombe. Redio, yaani Lowell, ana la maziwa, na jina alilipata kwa kuwa hazimiki. Mimi nina la zimamoto, nao wananiita Dizeli, eti asubuhi ya baridi nachelewa kuwaka. Wa nne ni Verlyn, naye ana Shangazi Olga.

Shangazi Olga ni lori la nafaka la mwaka hamsini na mbili, la kijani, lenye vijiti viwili vya gia. Jina hilo alipewa na Duane, kaka yake Verlyn, kwa heshima ya shangazi yao mmoja aliyekuwa akinung'unika kanisani mpaka mchungaji anakatisha mahubiri. Macho ya Duane hayakumruhusu kuendesha, kwa hiyo miaka yote waliyokwenda mkutanoni Verlyn alishika usukani, Duane akakaa kulia na chupa ya kahawa mapajani. Duane tulimzika Februari. Tangu hapo hakuna aliyekalia kiti kile, wala hatukungoja tuambiwe.

Sasa tulikuwa Jumanne, safari ni Alhamisi, na Shangazi Olga amegoma. Kila Verlyn akimtoa kumjaribu, akifika katikati ya Kilima cha Makaburi anazima. Anashuka kinyumenyume, anatua mtaroni, na Spana anakwenda kumvuta. Nako mkutanoni kuna sheria ambayo haijaandikwa popote. Aliyekuja kwa magurudumu yake anaingia lango kuu akipiga honi, watu wanavua kofia. Aliyeletwa juu ya trela anapita lango la pembeni na kuegesha kando ya uzio, na mpaka jioni jina lake ni Mbebwa. Binti yake Verlyn, Janelle, ameshapata trela ya kuazima. Verlyn alimjibu kwa maneno mawili: nikibebwa, siendi. Nasi tunamjua, akisema haendi, haendi.

— Ni petroli, — Spana akafungua kikao. — Petroli ya siku hizi nyepesi kama mate ya kuku. Joto hili, inachemka ndani ya bomba kabla haijafika kwenye kabureta. Mvuke unaziba njia, Shangazi anakosa pumzi.

— Si mlimwekea vibanio? — nikauliza.

— Sita.

Vibanio vya nguo, vya mbao. Ukivibana kwenye bomba la mafuta, vinanyonya joto. Baba zetu walifanya hivyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutueleza vinanyonyaje.

— Sita ni vichache, — Spana akaendelea. — Tuweke kumi na viwili.

— Utavitoa wapi? — Redio akaja juu. — Hivyo sita ni vya mke wangu. Jana Glenda kaenda kuokota shuka zake uani kwa Wamethodisti.

— Si atumie vya plastiki.

— Kamwambie wewe. Mimi nina miaka yangu michache imebaki, naitaka. Halafu wahenga walisema, penye miti hakuna wajenzi.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Vibanio ni vya miti, Merle. Tumia akili.

Verlyn alikuwa amekaa pembeni kabisa, ukingoni, mguu wa kushoto kaunyoosha mpaka njiani. Kahawa yake ilikuwa inapoa.

— Verlyn, wewe ndiye mwenye mgonjwa, — nikamwambia. — Anaanzaje? Anakohoa kwanza, au anazima tu?

— Anazima tu.

— Ghafla?

— Ghafla, Dizeli. Kama mtu kapuliza mshumaa.

— Basi si mvuke, — nikasema. — Mvuke angekohoa. Hilo ni boya la kabureta. Kilimani lori linainama, boya linakwama, petroli haiingii.

— Usione vyaelea, vimeundwa, — Redio akadakia.

— Leo unazo nyingi.

— Si umetaja boya? Boya linaelea. Aliyeliunda yupo. Mtafuteni.

Spana akageuka na kiti kizima kikalia.

— Verlyn, samahani, nauliza kama ndugu. Una hakika mna petroli humo?

— Geji ilikufa kabla ya mama yako, Merle, lakini kijiti ninacho. Asubuhi nimechovya. Jana nimechovya. Juzi pia.

— Ndiyo hapo, — Redio akasema. — Chovya chovya humaliza buyu la asali. Umeimaliza kwa kuchovya.

Hata Verlyn akacheka kidogo. Nilifurahi kumwona, maana tangu Februari kicheko chake kimekuwa cha kukopa. Spana akaona mlango umefunguka, akapenyeza lake.

— Sasa nisikilize, mzee mwenzangu. Ikishindikana, trela si aibu. Tunalifunika lori turubai. Tukikaribia tunalishusha nyuma ya kanisa lile la Wakatoliki, unawasha, unaingia lango kuu. Nani atajua?

— Mimi.

— Acha hizo, Verlyn.

— Miaka yote Duane na mimi tumewacheka Wabebwa. Tuliwacheka mpaka machozi. Sasa yeye hayupo, nikajifiche nyuma ya kanisa nikiwa Mbebwa? Nitabaki hapa nimwagilie nyanya.

Nyanya zenyewe hapandi. Redio akajimiminia kahawa, akakohoa, nikajua inakuja kubwa.

— Jamani, nyinyi mnahangaika na mabomba. Tazameni kule kilimani. Mnaona nini?

— Makaburi, — Spana akasema.

— Juu ya makaburi.

— Mnara wa simu.

— Haya. Walipoujenga, kuku wa Glenda walikataa kutaga. Ule mnara unatoa mawimbi. Olga ni wa mwaka hamsini na mbili, plagi zake hazijazoea mambo ya simu. Anapofika pale, cheche zinapotea njia, zinakwenda mnarani. Sasa hivi kuna mtu yuko Omaha anazungumza na mama mkwe wake kwa moto wa Shangazi Olga.

— Hiyo ni chai, Redio, — nikamwambia. — Na hapa tunakunywa kahawa.

— Ikiwa ni chai, mbona anazima palepale kila siku?

Hapo alitupata. Ni kweli, ni palepale, mkabala na lango la makaburi. Spana, mtu asiyeamini hata utabiri wa hewa, akavua kofia, akaikunjakunja.

— Kuna jambo sijalisema, — akasema polepole. — Msinicheke. Duane yuko pale. Safu ya tatu kutoka lango. Miaka yote hiyo Olga kambeba yule bwana. Mimi nasema anasimama kumsalimia.

Upepo ukavuma kidogo ukaleta harufu ya mahindi. Niliogopa kumtazama Verlyn.

— Duane angekuwa na uwezo wa kusimamisha lori, — Verlyn akasema hatimaye, — angelisimamisha mbele ya duka la pai.

Tukacheka kwa pumzi ya kupona. Ndipo gari dogo lenye matope likaegesha, akashuka daktari wa mifugo, yule binti Pospisil aliyeanza kazi hapa majira ya kuchipua, buti zimefika magotini, amekuja kuchukua chumvi ya ng'ombe.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — Redio akamwita. — Daktari, pita, kaa. Tuna mgonjwa.

— Ng'ombe?

— Lori.

Akacheka, akaegemea nguzo. Tukamweleza wote kwa mpigo: mvuke, boya, vibanio, mnara. La Duane tulilinyamazia. Akasikiliza bila kutukatiza, kama anavyosikiliza mtu akieleza tumbo la ndama.

— Mimi malori siyajui, — akasema. — Ila nikiletewa farasi anayegoma mlimani, huwa nina swali moja la kwanza. Akipandwa na mtu mwingine, anagoma?

Tukatazamana.

— Yaani?

— Akiendeshwa na mwingine, huyo Shangazi Olga anazima?

Mimi nikatazama kikombe. Swali dogo kama punje, na hakuna aliyewahi kujaribu, kwa sababu huku kwetu lori la kale la mtu ni kama mswaki wake. Unalisifu, unalivuta likikwama, unaweza hata kulipaka rangi. Huliendeshi, wala huombi. Daktari akaona amegusa pasipogusika, akatuaga kwa adabu, akaingia dukani kwa chumvi yake.

Verlyn akaweka kikombe chini.

— Ni goti, — akasema.

— Goti la nani? — Spana akauliza, kama kawaida yake.

— Langu, Merle. Hili la kushoto. Mnamjua Olga, ukitaka gia ya chini mlimani lazima umkanyagie klachi mara mbili. Ya kwanza nakanyaga. Ya pili mguu hauji. Gia inanipita, anazima. Lori halina kitu. Halijawahi kuwa na kitu.

— Mimi nimeshinda chini ya lori hilo siku mbili! Nimebana vibanio!

— Nilikuona.

— Kwa nini hukusema, bwana?

— Ningesema, mngeleta trela.

Ilikuwa kweli tupu.

— Mimi nilijua tangu Jumapili, — Redio akasema, akitazama maghala. — Nilikuona unashuka. Uliuteremsha mguu kwa mikono miwili, kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala.

— Ukajua, na ukatuletea mnara? — nikamuuliza.

— Ningeleta nini? Mwenyewe alikuwa hajasema. Na mnara ni mnara, ule sijaufuta.

Ninamfahamu Redio tangu shule ya msingi. Maneno yake yote hayo nilidhani yanatoka kwa sababu mdomo haufungi. Nilimpenda sana asubuhi ile, na sikumwambia.

Verlyn alikuwa ametoa ufunguo mfukoni. Akaugeuzageuza.

— Vijiti viko katikati, — akasema, kama anayejisemea. — Aliyekaa kulia anavifikia. Mtu akikanyaga, mwingine akabadilisha, Olga hawezi kujua miguu ni ya nani.

— Na lango kuu? — Spana akauliza.

— Magurudumu ni yake mwenyewe. Sheria inasema magurudumu, haikutaja magoti.

Akamrushia Redio ufunguo.

— Panda. Ukitoa methali njiani, nakushusha.

— Na lori langu la maziwa Alhamisi nani ataliendesha?

— Glenda. Miaka yote anasema analiendesha kukushinda.

— Ndilo ninaloliogopa, — Redio akasema, lakini alikuwa ameshasimama.

Lori lilikuwa kando ya mizani ya kupimia nafaka. Tulimwona Verlyn akizunguka mpaka mlango wa kulia. Alisimama pale, mkono kwenye kitasa, kwa muda. Kisha akapanda, mguu wa kushoto akauingiza wa mwisho, akaunyoosha vizuri mbele yake. Olga akanguruma, akatoka.

Kutoka kitini petu kilima chote kinaonekana. Spana na mimi tulisimama, vikombe mkononi. Walipanda taratibu. Madirisha yalikuwa wazi na sauti ya Verlyn ilitufikia: kanyaga, achia, kanyaga tena, nimesema kanyaga. Gia zikakwaruzana, meno yakanisisimka. Wakafika mkabala na lango la makaburi, sauti ya injini ikafa.

— Basi, — Spana akanong'ona.

Haikufa. Ilikuwa inashuka gia. Ikarudi nzito, ya chini, ile ambayo hatujaisikia mwaka huu, na Shangazi Olga akapita lango akinung'unika, akakamata kilele. Honi ikalia ndefu. Spana alipenga kamasi, akasingizia vumbi la mahindi.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — akasema. — Hebu ona. Leo methali yake moja imekaa.

Arlene alikuwa ametoka kuchukua birika, tupu. Walirudi, wakasimama mbele yetu bila kuzima injini. Redio alikuwa amelowa jasho, amefunga mdomo, ameona fahari. Verlyn hakushuka. Alikuwa akijisogeza pale kitini, mara kulia, mara kushoto, uso umemkaa ajabu.

— Vipi? — nikamuuliza. — Goti?

— Goti zima kabisa. Ni kiti hiki. Kina springi iliyotoboka, inachoma hapa pajani. Barabara yote, inachoma.

Mkono wake ulikuwa unapapasa ngozi ya kiti.

— Miaka yote ile, — akasema. — Kwenda na kurudi. Duane hakuwahi kusema.

Redio alikuwa na methali, niliiona inamfika mdomoni, akaimeza. Spana akapiga hatua kuelekea kwenye sanduku lake la vifaa.

— Ngoja nilete koleo, niikunje dakika hii.

— Iache, Merle, — Verlyn akasema. — Iache hapohapo.