Kitambaa Nilichokificha

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi wa nyuma itikieni, maana leo nataja jambo ambalo sisi wanawake hulificha.

Mimi ni Mama Imani wa Gudele, muuza nguo za watoto. Mimba yangu ilipotimiza miezi sita na nusu nilianza kulowa. Nikiinuka, matone. Nikikohoa, matone. Mama mkwe, aliyekulia Uganda, akanicheka: "Hiyo ni mkojo tu. Mtoto iko nakalia kibofu." Nikaamini, kwa sababu nilitaka kuamini! Siku tatu nzima nilifua kitambaa nilichojikinga nacho kila asubuhi, nikakianika chini ya shuka majirani wasikione. Usafi wangu huo nusura uniulie mtoto.

Siku ya nne mtoto akapunguza kucheza. Nikakimbilia hospitali, wakapima kwa picha: maji yanayomzunguka yalikuwa yamebaki kidogo sana. Mkunga, Sista Roda, akauliza nguo zilizolowa ziko wapi. Nikajibu kwa fahari kwamba nimezifua zote.

"Malesh, pole mama," akasema, "lakini kuanzia leo usifue. Leta kwa mimi hivyo hivyo."

Ndugu zangu, mnajua yule mkunga alifanya nini? Kila asubuhi, wiki tatu nilizolazwa, alipokea kitambaa changu, akatazama rangi, akakinusa! Wala hakukunja uso. Aliyejifunika uso kwa aibu ni mimi. Alinieleza kwamba mapafu ya mtoto hukua kwa msaada wa maji yale, na ugonjwa ukiingia tumboni, mara nyingi harufu hubadilika. Nilichomwa sindano za kukomaza mapafu, nikapewa dawa. Mama mkwe alipoleta beseni la maji moto na majani nikalie, Sista alilirudisha mlangoni. Nami nililala nikiomba, "Bwana, mwachie maji ya leo tu."

Asubuhi moja Sista akakinusa kitambaa mara mbili. Papo hapo akaita daktari.

Kabla ya adhuhuri nilijifungua. Mtoto alikuwa mdogo kuliko nguo ndogo kabisa ninayouza, na hakulia! Sista akamsukumia hewa kwa mfuko wa mpira, taratibu, mimi nikiita jina la Yesu. Kisha tukasikia sauti nyembamba kama ya paka. Alilia! Haleluya! Wiki sita tulimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mimi na mama mkwe kwa zamu.

Imani ndiye huyu anayevuta kitenge changu. Namshukuru Mungu aliyeiweka rehema yake hata katika pua ya mkunga!

Dada yangu, ukilowa kabla ya wakati, usifue. Nenda na kitambaa hicho hospitali siku hiyo hiyo. Na wewe ndugu uliyeketi hapo, mwenye jambo unalolifua kila asubuhi watu wasilione, mletee Bwana hivyo hivyo. Hatakunja uso.