Aliyetuhesabu kwa Miaka Thelathini na Moja

Ijumaa ya tarehe 28 Aprili 2023, Dada Tak Sun-deok, kiongozi mwandamizi wa safari za siku moja katika kampuni yetu ya mabasi hapa Daegu, atakabidhi bendera yake ya manjano, kipenga na kipaza sauti, na kustaafu rasmi baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Ofisi iliniomba mimi, dereva wake kwa miaka ishirini na miwili, niandike machache kwa ajili ya jarida letu. Niliambiwa niandike kurasa mbili na nisilalamike. Kurasa mbili nitaziandika.

Dada Tak aliajiriwa tarehe 6 Aprili 1992, akiwa na shahada ya historia ambayo hakuna abiria aliyewahi kuihitaji. Siku yake ya kwanza alisimama mbele ya mnara wa mawe wa karne ya tisa, akauelezea kwa dakika arobaini. Alipogeuka alikuta msikilizaji mmoja tu, mzee aliyekuwa anamsubiri mkewe atoke chooni. Tangu hapo alibadili mtindo. Maelezo yake yanayopendwa kuliko yote, ambayo viongozi wapya wanafundishwa hadi leo, ni haya: "Kulia kwenu mnara, umri wake miaka elfu moja na mia moja. Kushoto choo, kimekarabatiwa mwaka jana. Tukutane hapa baada ya nusu saa."

Abiria wetu wengi ni mabibi, na mabibi hawaendi kutalii. Wanakwenda kusujudu, kula, na kuwasema wakaza wana zao, kwa mpangilio huo huo. Wakati wa kurudi wanataka muziki na wanataka kucheza, ingawa sheria inakataza mtu kusimama kwenye basi linalokwenda. Dada Tak ndiye aliyebuni ngoma ya kukaa: mkanda umefungwa, mikono juu. Askari wa barabarani waliwahi kuchungulia dirishani wakaona mabibi arobaini wameinua mikono, wakadhani basi limetekwa. Ilituchukua muda kuwaelewesha, hasa kwa kuwa hakuna bibi aliyekubali kushusha mikono kabla wimbo haujaisha.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa kuhesabu. Anapita kati ya viti, kidole kinagusa kila kiegemeo, midomo inacheza, anarudia tena kutoka nyuma, kisha anatangaza: "Wametimia! Twende!" Mwaka 2004, kwenye monasteri moja ya milimani, alihesabu, wakatimia, akatangaza kama kawaida. Tatizo ni kwamba siku hiyo alikuwa amehesabu kupitia madirisha, yuko nje. Mimi nilisikia "twende", nikafunga mlango, nikaenda. Tulikwenda kilomita kumi na nne kabla bibi mmoja hajauliza mbona leo kuna utulivu. Tulipomrudia tulimkuta amekaa juu ya jiwe, anakula tunda la persimoni. Aliniambia neno moja ambalo jarida hili haliwezi kulichapisha.

Hesabu ilikuwa sahihi, huo ndio ukweli. Dada Tak hajawahi kujihesabu mwenyewe. Wala mimi hakuwahi kunihesabu, kwa sababu mimi sikuwa natoka kwenye basi. Nakiri hapa, mbele ya wafanyakazi wenzangu, kwamba kwa miaka ishirini na miwili nimepeleka watu kwenye mahekalu ya kale zaidi katika nchi hii na sikuwahi kuingia hata moja. Wao wakipanda mlima, mimi nalaza kiti, nafunika uso kwa kofia.

Hali ilikuwa hivyo hadi Jumamosi ya tarehe 1 Aprili mwaka huu, safari kubwa ya mwisho ya Dada Tak.

Mwaka huu kalenda ya mwezi mwandamo imetuletea mwezi wa ziada, wa kumi na tatu, na kila mwenye bibi anajua maana yake: mahekalu matatu kwa siku moja. Anayemaliza matatu amejisafishia njia ya peponi. Anayemaliza mawili ameota jua tu. Kwa miaka thelathini na moja Dada Tak hakuwahi kurudisha kundi lenye mahekalu mawili, na hakukusudia kuanza siku hiyo.

Aliyelihitaji hekalu la tatu kuliko wote alikuwa Bibi Chu Bok-rye, mwenye umri wa miaka themanini na sita. Mwaka 2017 goti lilimgomea kwenye hekalu la pili. Mwaka 2020 maradhi yalifunga malango kila mahali. Mwezi wa ziada mwingine utakuja 2025, na daktari wake, kila akitajiwa mwaka huo, anabadilisha mazungumzo.

"Sitaki pepo kwa ajili ya starehe," alilitangazia basi zima asubuhi ile. "Nina neno na mume wangu. Mwaka themanini na tatu alimuuza ng'ombe wangu bila kuniambia, na mpaka anakufa hajasema kwa nini. Mimi nikikosea njia nikatokea kwingine, nitamuuliza nani?"

"Una hakika yeye yuko peponi?" jirani yake akamchokoza.

"Mvivu yule? Nguvu za dhambi angezitoa wapi?"

Sasa nije kwenye viatu. Kwa hesabu za Dada Tak, kufunga kamba za viatu kwenye mlango wa ukumbi wa sala hulipotezea kila kundi dakika tisa. Kwa hiyo, kama zawadi ya kuagana, aliwanunulia abiria wake wote arobaini na mmoja viatu vya kutumbukiza mguu tu, vyepesi, visivyo na kamba. Vyote vya zambarau. Vyote vya duka moja. Na kwa kuwa mabibi wengi wa Daegu miguu yao inalingana, karibu vyote vya namba moja. Niliviona asubuhi nikatikisa kichwa, nikawasha injini, maana nimemzoea.

Kwenye hekalu la kwanza walivua, wakasujudu, wakatoka, wakakuta jozi arobaini na moja za zambarau zimejipanga vizuri kwenye jiwe. Nilizisikia kelele nikiwa kwenye basi, nimefunga madirisha.

"Hivi vyangu, vyangu ni vipya zaidi!"

"Vipya vipi? Si tumepewa wote leo?"

"Mimi natembea taratibu, kwa hiyo vyangu havijachoka!"

Dada Tak alipuliza kipenga, akaomba kila mtu avae vyovyote vinavyomtosha. Hakuna aliyekubali kuvaa jasho la mwenzake. Dakika ishirini na tano zikaondoka.

Wakati wa chakula cha mchana mabibi walitafakari. Kila mmoja, kwa siri na kwa kujiona mjanja kuliko wote, alichukua mpira wa manjano uliofunga boksi lake la chakula akaufunga kwenye kiatu chake ili akitambue. Kwenye hekalu la pili walitoka wakakuta jozi arobaini na moja za zambarau zenye mpira wa manjano. Hapo ilikwenda nusu saa nzima, na bibi mmoja akamwita mwizi rafiki yake wa tangu miaka hamsini.

Halafu barabara. Miti ya cheri ilikuwa imechanua, na nusu ya mkoa ilikuwa imesimamisha magari ili ipigwe picha chini yake. Dada Tak alikaa karibu yangu na saa yake mkononi. Hakunilaumu, hakuimba, hakutania. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ana hofu, na sikuipenda.

Tulifika chini ya hekalu la tatu saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Lango linafungwa saa kumi na mbili kamili. Mbele yetu palikuwa na nusu kilomita ya mlima na ngazi mia moja na themanini. Bibi Chu alizitazama ngazi, akalitazama goti lake, akarudi kukaa kwenye kiti chake.

"Nendeni," alisema. "Ng'ombe alishauzwa siku nyingi."

Dada Tak akanigeukia. "Ban, shuka."

"Mimi ni dereva."

"Leo wewe ni punda. Shuka umbebe."

Bibi Chu anadai ana kilo arobaini na tatu. Napenda kuiarifu menejimenti kwamba si kweli. Nilimbeba mgongoni kama mama abebavyo mtoto, na kwenye ngazi ya tisini, nilipoanza kuona nyota, alinigonga begani: "Unahema nini, mwanangu? Ng'ombe wangu alikuwa anapanda kwetu na magunia mawili, tena anatafuna."

Dada Tak alikuwa ametangulia mbio na bendera yake. Alimkuta mtawa ameshashika lango alifunge. Hakumwomba wala hakulia. Alilitazama lango akasema, kana kwamba anajisemea, kwamba kumbe si la kale sana, litakuwa la juzi juzi tu, miaka themanini hivi. Mtawa akaliachia lango kama limemuunguza. Alianza kumweleza juu ya lile lango: mfalme gani, moto upi, fundi yupi, nguzo ipi ni ya mwanzo na ipi ni ya pili. Dada Tak, ambaye habari zote hizo amezisimulia tangu 1992, alikuwa anauliza, "Ati kweli?" huku mabibi wakipita nyuma ya mtawa mmoja mmoja. Wa mwisho tulikuwa mimi na mzigo wangu. Kengele ya jioni ilikuwa imeshalia.

Nilimtua Bibi Chu mlangoni pa ukumbi, nikavua viatu vyangu vyeusi vya kamba, nikaingia. Ndani palikuwa na harufu ya ubani na mbao kuukuu. Bibi Chu aliinama mara tatu, na mara ya tatu alikaa chini muda mrefu hata tukaanza kutazamana. Aliponyanyuka alikuwa anafuta macho. "Sasa atanieleza," alisema. Nami nikajikuta nafuta yangu, nikasingizia ubani.

Wakati wa kutoka hakuna aliyegombea viatu. Kila bibi alivaa vilivyokuwa karibu.

Dada Tak alitupanga uani akahesabu. Alifika mwisho akakunja uso. Akahesabu tena kutoka nyuma. Akahesabu mara ya tatu, akitugusa kila mmoja begani, na bado walikuwa arobaini na wawili. Alisema kumezidi mtu, tumechukua mtu wa watu. Ndipo nikanyoosha mkono. Alinitazama pale nilipokuwa, soksi zangu zimetoboka, viatu mkononi, akageuka upesi kuipanga bendera yake ambayo haikuwa na haja ya kupangwa.

Dada Tak, kwa niaba ya wenzako wote, asante kwa miaka thelathini na moja, kwa minara uliyoifupisha na vyoo ulivyovielekeza. Afya iwe nawe, magoti yakutii, na asubuhi zako zianze kwa kuchelewa. Bibi Chu anasema Ijumaa atakuja kukuaga, na kwamba mimi ndiye nitakayempandisha ngazi za ukumbi wa sherehe yako.

Siku hiyo nitahesabu mimi. Nitaanza na wewe, na sitawasha gari la kukurudisha nyumbani mpaka nikuone umekaa.

Ban Yong-cheol, dereva