Baada ya Sikukuu, Bi Zohara Anavua Aproni

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi Zohara Benlulu, mpishi mkuu wa Nyumba ya Wazee ya Tamari hapa Haifa, anastaafu rasmi leo, tarehe 31 Oktoba. Kwa muda mrefu kila alipoulizwa atapumzika lini alijibu, "Baada ya sikukuu," kama tunavyojibu sote tukiulizwa habari za daktari wa meno au bomba linalovuja. Tulisahau kumwuliza ni sikukuu zipi. Mwaka Mpya wetu wa Kiyahudi ukipita inakuja ya Vibanda, ya Vibanda ikiisha yeye anaagiza unga wa maandazi ya jamu ya Hanuka, sikukuu ya taa, na kufumba na kufumbua tunasugua majiko kwa ajili ya Pasaka. Mwaka huu zimeisha kweli.

Anayeandika haya ni Geula Tsadok wa chumba cha kufulia. Kupika sijui, lakini aproni zote za Bi Zohara zimepita mikononi mwangu, na kwa madoa tu ningeweza kukuambia leo ni siku gani. Manjano kifuani ni supu ya kuku ya Ijumaa. Jamu mfukoni ni Hanuka. Sheria yetu hairuhusu nyama na maziwa kuchanganyika, hivyo aproni za upande wa nyama alizishonea uzi mwekundu shingoni, za upande wa maziwa uzi wa bluu, na ole wangu siku niliyozikunja pamoja. Alinishushia rundo zima mezani, akasema, "Geula, hawa hawajaoana. Watenganishe."

Alianza kazi kama mmenya karoti, kijana aliyeolewa juzi, na mpishi wa wakati ule hakumruhusu kugusa sufuria. Siku mpishi alipougua, Bi Zohara akapika maharage na nyama ya Sabato kama mama yake alivyoyapika, yakalala juu ya moto mdogo tangu Ijumaa hadi Jumamosi mchana. Wazee walikula, wakasinzia wote mezani, na bodi ikampa jiko. Tangu hapo hajawahi kupika chakula cha taasisi. Anapika chakula cha nyumbani, ila nyumba yenyewe ina watu themanini.

Kila yai alilivunja kwanza kwenye glasi, alitazame kama lina damu, maana damu kwetu ni mwiko, hata siku za keki. Msaidizi mmoja aliyechoka aliwahi kumwuliza, "Bi Zohara, mayai yote haya, moja moja?" Akamjibu bila kuinua macho, "Wewe ungependa lipi niliruke, lako?"

Mgeni akiingia jikoni kwake, kitu cha kwanza kumshangaza ni chungu cha maua dirishani, maana kimechomekwa vijiko na uma nyingi kuliko maua. Ndivyo mama yake alivyofanya: kijiko cha maziwa kikikosea njia na kuingia kwenye nyama, kinachomekwa udongoni. Rabi wetu amemweleza mara nyingi kwamba udongo hausafishi kijiko, maji yanayochemka ndiyo husafisha. Bi Zohara huchemsha kama alivyoagizwa, kisha huchomeka. "Rabi aangalie sinagogi," husema. "Maua yangu aniachie."

Kijiko kirefu kuliko vyote chunguni ni cha Masha Gurvits. Masha alikuja kutoka Minsk akiwa mtu mzima, na kwao siagi ilitiwa katika kila kitu isipokuwa chai. Siku yake ya kwanza aliponda viazi vya kuliwa pamoja na kuku, akavitia siagi, tena nyingi, kwa moyo mweupe kabisa. Siagi ni maziwa, kuku ni nyama; viazi vyote vikaenda jaani, na wazee wakala kuku kwa mkate. Masha alivua aproni akilia, akasema anaenda zake. Bi Zohara akampa kile kijiko. "Chomeka mwenyewe, mwanangu. Umeshapanda kitu hapa, sasa utaondokaje?"

Tunamtaja Masha kwa sababu mambo yote ya mwaka huu yalimhusu. Magoti ya Bi Zohara yaligoma wakati wa baridi, na bodi ikaanza kuzungumzia kufunga jiko na kuletewa chakula cha kampuni, kilichofungwa katika trei za bati, cha kupashwa moto tu. Ni kosher, halali kwa sheria yetu, kina muhuri, hakuna aliyebisha. Bi Zohara alikionja, akafunga tena trei kwa adabu kama anayemfunika maiti. "Mtu wa kunirithi yupo," alimwambia mkurugenzi wetu, Bwana Uriel Kestenbaum. "Ni Masha." Bwana Kestenbaum akakumbuka viazi.

Mwishowe walikubaliana. Ijumaa moja kabla ya Mwaka Mpya Masha angepika chakula cha Sabato peke yake, wazee wasiambiwe, na Bi Zohara abaki kwake. Wakilalamika, jiko linafungwa. Bi Zohara aliondoka Alhamisi akiwa amenyooka kama askari, lakini aproni aliyoniachia ilikuwa imevutwavutwa shingoni mpaka uzi mwekundu umekatika. Alikuwa anaogopa, na sisi tulikuwa tunaogopa pamoja naye.

Ni lazima mjue jinsi meza yetu inavyolishwa Ijumaa. Mzee Fayvel Zilberfarb anataka samaki wa kwao Poland, wa kusagwa, mtamu. Bi Freha Amsalem, anayekaa mkabala naye, anataka samaki wa Moroko, mwekundu kwa pilipili. Wanapikiwa wote wawili, na kila mmoja humwonea huruma mwenzake.

"Huyo samaki wako au keki?" Bi Freha huuliza.

"Na huyo wako ni samaki au ni moto wa jehanamu?"

Jioni ile ya jaribio nilibaki nikajifanya nimealikwa. Bwana Kestenbaum alikuja akaketi pembeni. Jua lilikuwa limetua na Sabato imeshaingia, hivyo hakuruhusiwa kuandika chochote, ikambidi atege masikio. Masha alisimama mlangoni, mikono ndani ya aproni. Mzee Fayvel akaonja. Akasukuma sahani mbele kidogo.

"Sukari haijatosha," akasema.

Bi Freha naye akaonja wake. "Pilipili mmeisahau sokoni?"

Masha akawa mweupe kama kitambaa cha meza. Bwana Kestenbaum akashusha pumzi, akaninong'oneza, "Umesikia mwenyewe, Geula." Nikamwambia kwamba yeye Ijumaa hula kwake, na kwamba maneno hayo mimi nimeyasikia kila Ijumaa tangu wawili hawa wahamie hapa. Hakuniamini. Akainuka, akamwendea Mzee Fayvel, ambaye kwa wakati huo alikuwa anafuta mchuzi wa mwisho kwa kipande cha mkate.

"Mzee, basi tulete chakula cha kampuni?"

"Nani kakwambia?" Mzee Fayvel alifoka. "Mimi nalalamika. Sijaomba talaka!"

Jiko likawa limepona, lakini Bi Zohara hakujua. Sabato hatupigi simu, kwa hiyo alikaa roho mkononi usiku ule na siku nzima iliyofuata. Nyota za Jumamosi zilipoonekana tu na Sabato kuisha, simu ya jikoni ikalia.

"Wamelalamika, Bi Zohara," Masha alimwambia.

"Nini?"

"Sukari. Na pilipili."

"Na kingine?"

"Hakuna kingine."

Upande wa pili tukasikia kicheko kikubwa, halafu sauti ya mumewe Nissim ikiuliza nani kafa. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Baadaye aliniambia kwamba ilimfurahisha mno, na kwamba ilimuuma pia, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyegundua kuwa hayupo. Nadhani yote mawili yalikuwa haki yake.

Bi Zohara, ahsante kwa supu, kwa maandazi ya Hanuka, kwa kila yai ulilolitazama kwa ajili yetu, na kwa kutuachia Masha. Chungu cha maua kinabaki dirishani, kitamwagiliwa. Tunakuombea magoti mepesi, wajukuu wenye njaa, na Ijumaa ndefu za kukaa tu. Leo, kwa mara ya kwanza, kiti chako kipo mezani, katikati ya Mzee Fayvel na Bi Freha, na Masha ndiye aliyepika. Keti, mama. Onja, sukuma sahani mbele kidogo, kisha ulalamike kama mwenye nyumba.