Bi Fusae Kajitani, Aliyesingiziwa Ulevi na Ini Lake Mwenyewe (1941–2022)

Bi Fusae Kajitani alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 huko Tara, mkoani Saga, binti wa tatu wa Mzee Kumaichi Hirakawa, mkulima wa chenza, na mkewe Bi Tsuya. Alisoma shule hukohuko Tara, ambako walimu walimsifu kwa mwandiko na kumlaumu kwa ubishi. Mwaka 1959 alihitimu ushonaji mjini Kashima, na Aprili iliyofuata akaajiriwa katika kiwanda cha sake, pombe ya mchele, cha ukoo wa Kajitani, kazi yake kubandika lebo kwenye chupa. Lebo zake zilinyooka. Za Bwana Shigeto, mwana wa mwenye kiwanda, zilikwenda upande, naye akawa anakuja kila siku kuomba kufundishwa. Alifundishwa miaka miwili bila kuhitimu, wakafunga ndoa tarehe 11 Novemba 1962.

Siku ya harusi, bibi harusi alipogusisha midomo kwenye kikombe cha sake kama desturi inavyotaka, uso ulimwiva kama kaa aliyechemshwa, akalala begani kwa mumewe kabla wageni hawajaandaliwa chakula. Mwenye macho angeelewa kwamba mwili ule haupatani na pombe. Lakini Bi Kinuyo, dada wa bwana harusi, aliwanong'oneza wageni kwamba wifi yake alikuja ameshalewa.

Mwaka 1989 marehemu alianza kuwashwa mwili mzima. Alijikuna kwenye nguzo ya mlango wa kiwanda mpaka nguzo ikang'aa, kisha macho yakageuka manjano. Daktari wa mjini alipima damu, akaona ini limeumia. Akaitafuta ile kingamwili ambayo huwa alama ya ini linaloshambuliwa na mwili wenyewe, asiione. Akamuuliza anaishi wapi. Aliposikia ni kiwandani kwa Kajitani, akaandika "pombe", akafunga faili.

Basi mji ukapata la kusema. Bi Kinuyo alimwombea wifi yake hekaluni kwa sauti, tena siku za watu wengi. Na kwa bahati mbaya pipa la tatu lilikuwa likipungua kila wiki, hivyo Bwana Shigeto akaanza kulipima kwa ufito kila asubuhi. Marehemu alipouona ule ufito umechanjwa alama, hakugombana. Alifunga mzigo akaenda kwa kaka yake Tara, akachuma chenza siku kumi na moja, hadi mume alipomfuata akiwa amevaa soksi zisizofanana. Alirudi, lakini ufito nao ulibaki.

Mwaka 2003 alikuja Daktari Osada, mtafiti kutoka hospitali kubwa, akiwatafuta wagonjwa wa ini ambao damu yao haikuwa na ile alama ya kawaida. Marehemu alimnyooshea mkono akamwambia achukue hata ndoo. Baada ya miezi minne daktari alirudi na jibu. Katika damu ile mlikuwa na kingamwili nyingine, ambayo ni wachache waliozoea kuitafuta.

"Askari wa mwili wako wamekosea adui, mama," alimweleza. "Wanaipiga mifereji ya nyongo ndani ya ini lako. Pombe haihusiki kabisa."

"Umeyaandika hayo?"

"Nimeyaandika."

"Yaandike tena kwa herufi kubwa. Wifi yangu haoni vizuri."

Jioni ileile marehemu aliibandika barua ya daktari kwenye mlango wa kiwanda, nayo ilinyooka. Bwana Shigeto aliisoma mara mbili, akaingia ndani, akauvunja ufito kwenye goti. Kisha akauliza, dada yake akiwepo, kama si mke wake basi nani anakunywa. Bi Kinuyo alikuwa ameanza kufagia pahali palipokwisha kufagiwa.

"Pipa linavuja," marehemu alijibu.

Bwana Shigeto alilifungua pipa lile ubao kwa ubao, siku tatu, asipate tundu. Ajabu ni kwamba tangu wiki hiyo halikupungua tena. Ajabu ya pili, Bi Kinuyo alijitolea kumsindikiza wifi yake kliniki kila baada ya miezi miwili. Alimbebea mkoba kwa miaka kumi na tisa, wakigombania kiti cha dirishani kwenye treni. Kila safari marehemu alimeza ushauri, akachukua vidonge vyake, akaacha vichupa viwili vya damu kwa ajili ya utafiti.

Oktoba mwaka huu ini lilichoka. Siku chache kabla ya mwisho, Bi Kinuyo aliinama kitandani akamwambia kwamba pipa halikuwa linavuja.

"Najua. Nilikuona mwaka wa tisini, na bakuli la supu."

"Mbona hukunitaja?"

"Nani angeniamini, na macho ya njano? Halafu nilipopata barua, nikaona wewe huna barua ya kukutetea."

Bi Fusae alifariki tarehe 14 Novemba 2022, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 81. Ameacha mume, Bwana Shigeto, watoto wawili, Noriaki na Chizuru, wajukuu watano, na wifi mmoja, ambaye ndiye aliyedai haya yote yasomwe mbele yenu, naye akiwa amekaa mstari wa kwanza.

Mungu na wazee waliomtangulia wampokee. Apumzike, asiwashwe tena.